Bi. Paskazia na Tanbihi 2,846

Tabora, Ijumaa, 27 Juni 2025

Kwako Bi. Paskazia Nzeyimana,

Jumatatu ijayo, tarehe 30 Juni, unatimiza miaka thelathini na mitano ya kazi katika ofisi yetu ya vitabu, na siku hiyohiyo unastaafu. Padre Hilari, mkurugenzi wetu, ameniagiza niandike wasifu wako kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Ameniambia nikutaje kama mtu wa tatu, kama desturi ilivyo, ili hata wasiokufahamu waweze kufuata. Basi nivumilie. Kuanzia hapa wewe ni Bi. Paskazia.

Bi. Paskazia alizaliwa Burundi mwaka 1965, akafika Ulyankulu na wazazi wake akiwa na miaka saba. Alisoma huko, akajifunza kupiga chapa kwa masista, na tarehe 1 Julai 1990 akaingia mlangoni kwetu na sanduku la bati na barua ya paroko. Mimi nilikuwa nimetangulia mwaka mmodi tu, katika chumba cha kujalidi vitabu. Nakumbuka alivyosimama pale mlangoni akasoma kibao cha ofisi kwa sauti ndogo, kisha akatuambia, kabla hata ya shikamoo, kwamba kibao kimekosa nukta. Ilikuwa kweli. Kibao kile kilikuwa hapo miaka kumi na moja.

Wakati huo tulichapa kwa herufi za madini ya risasi. Bi. Paskazia alianza kwa kuziosha na kuzirudisha kila moja kwenye kijumba chake, akahamia kwenye taipureta, akawa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa. Alisoma prufu mara mbili: mara ya kwanza kama mtu yeyote, mara ya pili kuanzia mwisho wa ukurasa kurudi mwanzo, neno moja moja, penseli ikiwa imechomekwa kwenye nywele. Saa nne asubuhi alisimama kwa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na hapo hakuna aliyethubutu kumwonyesha karatasi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa mwaka 2004 wengi wetu tuliizunguka kwa mbali. Yeye aliishonea kitenge cha kuifunika vumbi, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na baada ya miezi mitatu alikuwa anawafundisha vijana.

Lakini jambo linalofanya leo tushindwe kukaa kwenye viti vyetu kwa furaha ni tanbihi, na hilo lazima nilieleze taratibu.

Kati ya mwaka 1994 na 2001 ofisi yetu ilichapa kitabu cha maelezo ya Biblia, juzuu tatu, kwa ajili ya makatekista, wainjilisti na wasomaji wa vijijini. Maelezo makuu yaliandikwa na mapadre. Tanbihi, yaani yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa, ziliandikwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Advera, ambaye alikuwa mke wangu. Mapadre walimwomba afafanue kila neno ambalo mkulima wa tumbaku wa Urambo au mrina asali wa Ipole angekwama. Aliandika jioni kwenye meza ya jikoni, baada ya kusahihisha madaftari ya darasa la tatu. Jangwa alilifananisha na pori la Sikonge wakati wa kiangazi. Safari ya Waisraeli aliipima kwa mwendo wa wapagazi wa zamani kutoka Tabora hadi Ujiji, na akataja mzigo, kiu na malengelenge ya miguu. Msomaji alijisikia nyumbani.

Tanbihi hizo ni 2,846. Bi. Paskazia alizisahihisha zote, na wao wawili, waliopendana kama dada, walizozana juu yazo miaka saba wakicheka.

Juzuu hizo ziliisha madukani mwaka 2003, zikabaki chache tu za stoo, na hazikuchapwa tena. Ndiyo maana Oktoba 2022 tulifurahi sana kitabu kilipowekwa kwenye programu ya simu. Mafundi wa Dar es Salaam walipokea kurasa zetu, wakazifanya zisomeke kwenye simu ya mtu yeyote, awe Kaliua au Nzega. Kila tanbihi ilikuwa na namba ndogo ya rangi ya bluu ndani ya maandishi. Unaibonyeza, inakupeleka kwenye maelezo yake. Njia hiyo ya kukupeleka huitwa kiungo, na nyuma ya kila kiungo kuna anwani iliyofichwa.

Viungo vikaenda kombo, na kosa lilikuwa letu. Zamani chumba chetu cha chapa kilikuwa na tarakimu ndogo za risasi chache mno, kuanzia moja hadi tisa basi. Kwa hiyo tulikuwa tukianza namba upya kila ukurasa: moja, mbili, tatu, ukurasa unaofuata moja tena. Kwenye karatasi hakuna anayepotea, maana jicho linashuka chini ya ukurasa uleule. Kwenye simu hakuna ukurasa. Hatukuwaambia mafundi, nao wasingejua. Programu ikakutana na tanbihi zaidi ya mia saba zenye namba moja, ikazipa zote anwani ya namba moja ya kwanza kabisa, na namba nyingine vivyo hivyo.

Na namba moja ya kwanza kabisa ilikuwa kwenye dibaji, pale padre aliposema msomaji asifunike taa yake kwa pishi. Tanbihi ya Advera ilisema hivi: pishi ni kipimo cha zamani cha nafaka, sawa na vibaba vinne, nasi siku hizi tunatumia kopo. Basi popote ulipobonyeza namba moja, iwe gharika, iwe harusi ya Kana, iwe kaburi tupu, ulipelekwa kwenye pishi.

Wengine walidhani simu zao zimeharibika. Katekista Ambrosi wa Ipole alidhani kuna fundisho. Jumapili ambazo padre hafiki yeye ndiye anayehubiri, na Jumapili ya kwanza alieleza pishi dakika kumi, jinsi imani inavyopimwa. Jumapili ya pili somo lilikuwa lingine kabisa, akabonyeza, pishi. Akajitahidi tena. Jumapili ya tatu, alipofungua mdomo tu kutaja vibaba vinne, bibi mmoja wa benchi la mbele akamuuliza:

"Mwalimu, pishi hii itajaa lini?"

Kanisa zima likaangua kicheko, na Ambrosi akapiga simu ofisini. Bi. Paskazia ndiye aliyepokea. Alicheka mpaka akaiweka simu mezani ajifute machozi. Alipoirudisha sikioni akasikia kwamba Ambrosi hakupiga kulalamika. Alipiga kuomba msamaha. Alisema elimu yake ni ndogo, pengine wenzake wanaielewa hii pishi, na kama kuna semina angeomba kuhudhuria. Bi. Paskazia akamwambia shikamoo, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, na akamwambia kosa ni la ofisi.

Siku hiyo alinunua kaunta buku ya kurasa mia nne.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alifungua kitabu cha karatasi upande wa kushoto, kompyuta katikati, na kulia akaweka simu ya bei ndogo kuliko zote zilizokuwa sokoni, kwa sababu alisema makatekista wana simu za namna hiyo. Kila tanbihi aliipa anwani mpya ya juzuu, ukurasa na namba, akaiandika kwenye kaunta buku kwa wino, akaiingiza kwenye kompyuta, akaibonyeza kwenye simu. Hapo hakuiwekea alama bado. Kwake kiungo hakikuhesabiwa kuwa kimepona mpaka mtu wa kijijini akibonyeze na kumsomea kilichotokea.

Ndipo zikazaliwa Jumamosi za kubonyeza. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi watu walikaa tayari na simu mbili mbili, ya kubonyezea na ya kuzungumzia, wengine wameazima ya jirani. Bi. Paskazia alitaja kitabu, sura na namba, nao wakabonyeza. Nzega alikuwepo mwinjilisti Ngollo, Mmoravian mwenye kibanda cha kuchaji simu, mcheshi asiyechoka. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka vipande vipande. Siku moja aliuliza kama akikatwa kidole akiwa kazini ofisi ya Wakatoliki itamtibu, na Bi. Paskazia akamshauri abonyeze kwa kidole ambacho hali nacho. Ngollo akasema Mama Stela, hicho hakipo, mimi natumia vyote kumi. Tulimwita Mama Stela wote, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Aliianza kazi hiyo Machi 2023, juu ya kazi zake nyingine zote. Agosti mwaka huo Advera alifariki. Bi. Paskazia alikaa nasi msibani siku zote, na niliporudi kazini nilikuta ameweka meza yangu karibu na yake, kwa maelezo kwamba anahitaji mtu wa kumfunulia kurasa. Alijua kufunua kurasa mwenyewe. Nikawa namfunulia.

Mwanzoni mwa mwaka huu ikaja barua ya mafundi. Programu imekuwa nzito, watumiaji wanalalamika juu ya viungo vibovu, na toleo jipya litatoka tarehe 30 Juni. Kiungo chochote kitakachokuwa hakifanyi kazi siku hiyo kitaondolewa pamoja na tanbihi yake. Tulihesabu. Bi. Paskazia alikuwa amemaliza 1,460. Zilibaki 1,386, na miezi isiyofika sita, na mwisho wa hiyo miezi ndio mwisho wa ajira yake.

Padre Hilari aliita kikao. Ni mtu mwema na alisema kwa upole. Alisema maelezo makuu yatabaki, Injili haipungui kwa kukosa tanbihi, na Bi. Paskazia amefanya kazi ya kutosha, apumzike salama. Baadhi yetu tulitikisa vichwa kukubali. Mimi niliangalia sakafu. Bi. Paskazia alisimama na kaunta buku yake kifuani.

"Padre, hayo maneno hayajaharibika. Njia ya kuyafikia ndiyo imeharibika, na njia naijua. Naomba uniache nitembee."

Padre akamtazama, akatazama kaunta buku, akasema tembea.

Sijawahi kuona mwendo kama ule. Februari viungo 210. Machi 318. Aprili, pamoja na Pasaka, 344. Alibandika karatasi mlangoni, na kila asubuhi tulisoma idadi kama watu wanavyosoma matokeo ya mpira. Watu wa stoo walianza kumwekea dau la matobolwa. Waliostaafu zamani walipita kuulizia. Ngollo alifunga kibanda chake Jumamosi asubuhi na kuandika mlangoni kwamba yuko kwenye kazi ya Mungu, wateja warudi saa sita. Mwisho wa Mei karatasi ya mlangoni ilisomeka 41.

Hizo arobaini na moja zote zilikuwa juzuu ya pili, kurasa za 113 hadi 128, ambazo aliziacha mwisho kwa kudhani zimechomoka tu kwenye nakala yake ya mezani. Mafundi walikuwa wamepata maelezo makuu kwenye miswada ya mapadre iliyotiwa namba, na tanbihi kwenye nakala ya stoo, kwa hiyo namba za bluu zilikuwepo kwenye simu, lakini maelezo yake hayakuwepo popote. Bi. Paskazia aliniomba nimletee juzuu ya pili kutoka stoo. Nikamfunulia. Baada ya ukurasa wa 112 ukaja ukurasa wa 97. Nikaleta nakala nyingine, ikawa vilevile. Nakala zote kumi na tisa za stoo zilikuwa vilevile.

Hapa naomba niseme jambo ambalo yeye hakulisema kwa mtu yeyote. Kitabu hujengwa kwa mikunjo. Karatasi moja kubwa hukunjwa ikatoa kurasa kumi na sita, na mjalidi huchukua mkunjo mmoja kutoka kila rundo, kwa mpangilio, akashona. Siku moja mwaka 1997 nilikuwa nakusanya juzuu ya pili nilipoletewa habari kutoka hospitali kwamba Advera amejifungua salama, mtoto wa kike, ndiye Rustika wetu. Nilitaka kukimbia, lakini kazi ilikuwa ya kusafirishwa kesho yake. Nikaikusanya nikiimba. Nilichukua rundo la saba mara mbili, na la nane sikuligusa. Nakala mia mbili. Rundo la nane lililobaki bila shaka lilichomwa na karatasi mbovu. Na madaftari ya mkono ya Advera hayakuwepo pa kuangalia, maana karatasi ilikuwa shida miaka ile na mwenyewe aliyatoa yafungiwe vifurushi vya katekisimu.

Nilimwambia Bi. Paskazia yote hayo mezani pale. Alinisikiliza, akachomoa penseli kwenye nywele, akaandika kwenye kaunta buku: nakala za stoo hazijakamilika. Basi. Akaniuliza kabla ya Rustika kuzaliwa tulikuwa tumekwisha kusafirisha nakala ngapi. Nikasema kama mia tatu. Akasema basi kuna mia tatu nzima huko nje, shemeji, tuanze kupiga simu.

Kwa siku tatu kubonyeza kukageuka kuwa kutafuta. Kila aliyekuwa na juzuu ya pili aliombwa afungue ukurasa wa 112 na kusema namba ya ukurasa unaofuata. Ipole wakasema tisini na saba. Urambo, tisini na saba. Sikonge, tisini na saba, na nusu imeliwa na mchwa. Nilitamani kutoka nje, lakini yeye alishukuru kila mmoja na kupiga tena. Padre Hilari alipita akamkumbusha kwamba arobaini na moja katika elfu mbili na mia nane ni kitu kidogo, hakuna atakayemlaumu. Bi. Paskazia akamwomba ruhusa ya siku moja aende Kaliua. Katekista wa huko alikuwa amemtaja bibi mmoja, mwalimu mstaafu, Mmoravian, ambaye alisomewa swali hilo akajibu kwa hasira kwamba baada ya mia moja na kumi na mbili huja mia moja na kumi na tatu, kwani ofisi ya vitabu haijui kuhesabu?

Alhamisi tarehe 5 Juni tulipanda basi la asubuhi, yeye na mimi. Tangu Urambo hadi Kaliua hakuacha kupapasa mkoba kuona kama simu ya kupigia picha imo. Bibi Levina, ndiye mwenye kitabu, tulimkuta uwanjani kwake anaanika ufuta. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuweka kwenye viti, na tulipoeleza shida yetu alikataa papo hapo kukitoa kitabu.

"Mlikileta wenyewe mwaka tisini na saba, mkasema nitunze. Nimetunza. Leo mnakuja kuazima? Someni hapahapa, na kukifunua nitafunua mimi."

Bi. Paskazia akasema sawa, bibi, ufunue. Akavua viatu, akakaa chini kwenye mkeka mbele ya bibi. Bibi Levina akaleta kitabu kimefungwa kwenye kanga mbili. Jalada nilikuwa nimelishona mimi na lilikuwa bado zima. Akakifunua kwenye mapaja yake, ukurasa mmoja mmoja, na Bi. Paskazia akapiga picha, kisha kwa kutoiamini picha akanakili kila tanbihi kwa mkono. Jua lilikuwa limepanda. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yao na moja ya zile kanga nimeinyoosha iwatie kivuli, kwa hiyo sikuona kurasa hata moja. Nilisikia tu Bi. Paskazia akihesabu. Alipofika ishirini na tatu akatulia kidogo, akaendelea. Bibi Levina alimsahihisha mara mbili alipoandika haraka, na mara ya pili alimuuliza kama kweli huyu ndiye msahihishaji wa ofisi. Saa tisa wakamaliza. Tulipoaga, bibi alitufungia ufuta, akatuambia tukichapa upya tumletee nakala ya kwanza, siyo ya pili.

Wiki mbili zilizofuata Bi. Paskazia aliziingiza zote arobaini na moja, na Jumamosi iliyopita, tarehe 21 Juni, ofisi ilijaa. Walikuja watu wa stoo, walinzi, Padre Hilari, na Rustika wangu akiwa na mtoto wake mgongoni. Simu iliwekwa katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Bi. Paskazia alitaja, Ngollo akabonyeza kule Nzega, akasoma, ikawekewa alama. Ya kwanza sawa. Ya kumi sawa. Ya ishirini na mbili sawa. Ya ishirini na tatu aliipita bila kuitaja, akaenda ya ishirini na nne, nami nikadhani amepitiwa na usingizi wa macho, jambo ambalo halijapata kumtokea. Akaendelea mpaka ya arobaini na moja. Ndipo akarudi nyuma. Akasema imebaki moja, Zaburi ya hamsini na sita, pale mtu anapomwomba Mungu amwekee machozi yake kwenye chupa.

Ngollo akabonyeza. Kisha akasema imefunguka, Mama Stela, akasoma:

"Chupa hapa ni kiriba cha ngozi, kama walichobebea maji wasafiri wa zamani wa njia ya Ujiji. Kikishonwa vizuri hakipotezi hata tone. Mshonaji mzuri namfahamu mmoja, ndiye aliyeshona kitabu unachokisoma."

Ngollo, asiyejua kilichopo upande wetu, akauliza kama simu imekatika. Rustika alinishika mkono. Sikuwahi kuisoma tanbihi ile. Iliandikwa Advera akiwa na mimba ya huyo Rustika, ikachapwa, ikawekwa kwenye rundo la nane, na aliyesifiwa ndani yake ndiye aliyeiruka. Advera hakuniuliza hata siku moja kama nimeiona. Labda alingoja niikute mwenyewe.

Bi. Paskazia alikuwa amesahihisha prufu za juzuu ile. Hakuna neno lililopita bila penseli yake, na mzaha wa namna hiyo ndani ya maelezo ya Biblia alikuwa na mamlaka ya kuufuta. Aliuacha mwaka 1997, na mwaka huu akaufuata mpaka Kaliua. Sikumuuliza kama aliukumbuka muda wote. Nilimwona akiweka alama ya mwisho kwenye kaunta buku, akafunga, akamwambia Ngollo, "Haijakatika, baba. Tupo. Tunashukuru."

Ndipo kelele zikaanza. Mlinzi alipiga vigelegele kuliko akina mama. Padre Hilari alitoka nje akarudi na karatasi ya mlangoni, amefuta 41 na kuandika 0 kubwa kwa kalamu yake mwenyewe, akaomba Bi. Paskazia aisaini. Mafundi wa Dar es Salaam wamekwisha kuthibitisha: toleo la Jumatatu litatoka na tanbihi zote 2,846, kila moja na njia yake. Katekista Ambrosi amepiga simu kusema Jumapili hii atahubiri juu ya kitu kingine, na kanisa limeahidi kumsikiliza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliopo na waliotangulia, tunamshukuru Bi. Paskazia kwa miaka thelathini na mitano. Tunawashukuru watoto wake waliomvumilia Jumamosi zake zote za miaka miwili. Kaunta buku ameikabidhi ofisi, na kijana atakayekaa kwenye kiti chake ameagizwa kusoma kurudi nyuma.

Sasa Padre ataniruhusu niache hilo la mtu wa tatu. Mama Stela, unarudi Ulyankulu kwenye shamba lako la mahindi na wajukuu wako. Nenda ukiwa na afya, ulale Jumamosi asubuhi mpaka jua lipande, na akija mtu na karatasi saa nne mwambie unakunywa chai. Miaka iliyobaki iwe mingi na iwe yako.

Na jioni ukisali, mtaje Advera. Ukimaliza yeye, nikumbuke na mimi.

Shemeji yako,
Raymundi
Stoo na Ujalidi